Gharama za Mahali: Ardhi, Mvua na Hali ya Maisha

Mjadala kuhusu kwa nini baadhi ya maeneo ya dunia yana neema na mengine yana dhiki umegawanyika katika kambi mbili, na zote mbili zimenichosha. Kambi ya kwanza hutandaza ramani, huonyesha kwamba nchi nyingi zenye kipato cha chini ziko kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni, kisha huhitimisha kwamba joto na maradhi vimekwisha kutoa hukumu. Kambi ya pili huitaja Singapore, kisiwa kilicho takriban digrii moja tu kaskazini mwa ikweta, kisicho na mafuta, madini wala maji ya kutosha ya kunywa, ambacho wakazi wake leo wamo miongoni mwa watu wenye kipato kikubwa duniani. Kwa mfano huo mmoja huiona kesi imekwisha, kana kwamba milima, mito na mvua ni mapambo ya ramani.

Kwa maoni yangu, mazingira hupanga gharama. Umbo la nchi, tabianchi na rasilimali ndivyo vinavyoamua itagharimu kiasi gani kulifikisha gunia la nafaka bandarini, kumkinga mtoto na homa, kupata ndoo ya maji safi au kujenga nyumba isiyoanguka ardhi inapotikisika. Gharama hizo ni za kweli na hazifutwi kwa hotuba. Hata hivyo hupanda na kushuka kila ufundi unapobadilika, na suala la nani azilipe, au nani achukue faida pale zinaposhuka, huamuliwa na sheria, mikataba na mara nyingine vita. Hata Singapore yenyewe inaingia humo. Lee Kuan Yew, waziri mkuu wake wa kwanza, alikisifu kiyoyozi kuwa miongoni mwa uvumbuzi muhimu zaidi, kwa kuwa kiliwawezesha watu wa tropiki kufanya kazi mchana kutwa, na mapema katika utawala wake aliagiza viyoyozi viwekwe katika ofisi za serikali. Joto halikuondoka, liligeuzwa kuwa bili ya umeme, na bili hiyo inalipika vizuri zaidi na nchi ambayo bandari yake iko kwenye mlango wa bahari wa Malacca, njia kuu ya meli kati ya Bahari ya Hindi na Asia ya Mashariki. Kwa hiyo mfano unaotumiwa kuikana jiografia unaishi kwa jiografia.

Njia ya zamani zaidi ya kukwepa gharama ya joto ilikuwa kupanda juu. Kwa kila mita 1,000 za mwinuko, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi, na ndiyo maana Addis Ababa, Bogotá na Quito, zote zikiwa juu ya mita 2,000 katika ukanda wa tropiki, zina hali ya hewa ambayo watu wa nyanda za chini huitamani. Juu huko vimelea vya malaria hushindwa kukomaa ndani ya mbu kabla mbu hajafa, kwa sababu vinahitaji joto. Msongamano wa watu katika nyanda za juu za Ethiopia, Rwanda na Andes una sababu nyingi, ukiwemo udongo wa volkano, lakini afya ni mojawapo ya zile za kale kabisa. Malipo ya kukwepa maradhi yalikuwa miteremko mikali, mashamba madogo na barabara ngumu.

Mbung'o alitoza kodi ya aina nyingine. Mdudu huyu hueneza ugonjwa wa nagana kwa mifugo na wa malale kwa binadamu, na katika sehemu kubwa ya Afrika ya kati na ya mashariki alifanya isiwezekane kuwatumia farasi, ng'ombe au punda kubeba mizigo kwa safari ndefu. Jembe la kukokotwa halikuenea, samadi ilikuwa haba, na mzigo ulisafiri kwa kichwa na bega la binadamu. Hebu tupige hesabu ya mpagazi wa karne ya 19 anayebeba takriban kilo 30. Akila kilo moja ya nafaka kwa siku, na mzigo wake ukawa nafaka, basi baada ya mwezi mmoja amekula mzigo wote, na safari ya kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika ilichukua miezi kadhaa. Nafaka, kwa hiyo, haikuweza kuwa biashara ya masafa marefu, hata kama ilijaa maghalani upande mmoja na upande wa pili kulikuwa na njaa. Kilichostahimili gharama ya usafiri kama huo ni bidhaa yenye thamani kubwa kwa uzito mdogo, yaani pembe za ndovu, pamoja na bidhaa iliyotembea kwa miguu yake yenyewe, yaani binadamu waliotekwa. Simlaumu mdudu kwa utumwa, maana waliokamata, waliouza na walionunua walikuwa watu wenye akili timamu. Ila bila ya kuielewa hesabu ya mpagazi, mtu hawezi kueleza kwa nini misafara ilibeba ilivyobeba na ikaacha mengine yote.

Mito nayo ina hesabu zake. Bara la Afrika kwa sehemu kubwa ni uwanda ulioinuka, na mito yake mingi hushuka ghafla inapokaribia bahari. Mto Kongo unapitika kwa meli kwa zaidi ya kilomita 1,500 kati ya Kisangani na Kinshasa, lakini kutoka Kinshasa hadi Matadi maji huporomoka kwa takriban mita 270 katika mfululizo wa maporomoko ambayo hakuna chombo cha biashara kinachoyapita. Shehena inayoshuka mto kwa urahisi hulazimika kupakuliwa, kupakiwa kwenye treni, kisha kupakuliwa tena bandarini. Reli ya kwanza ya kuyakwepa maporomoko hayo ilijengwa kati ya 1890 na 1898, kwa vifo vingi vya vibarua. Mteremko huohuo unaozuia meli ndio unaoifanya Inga kuwa mahali penye uwezo mkubwa kuliko pengine popote duniani wa kuzalisha umeme wa maji. Mabwawa mawili yaliyokamilika huko mwaka 1972 na 1982 hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo huo, na watu wengi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo bado hupikia kuni na makaa.

Linganisha na mto Rhine. Uswisi haina pwani, lakini mashua za mizigo hupanda kutoka Rotterdam hadi Basel, na uhuru wa kusafiri katika mto huo umelindwa na mikataba tangu Kongamano la Vienna la 1815. Nchi 16 za Afrika nazo hazina pwani, na mara nyingi huelezwa kana kwamba tatizo lao ni moja na la Uswisi, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Kukosa pwani huumiza kwa kadiri barabara ya jirani ilivyo mbovu, forodha yake ilivyo ya polepole na amani yake ilivyo dhaifu. Gharama yako imo mikononi mwa mtu usiyempigia kura.

Na pwani yenyewe inaweza kupotea. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, katika jangwa la Atacama, kwa sababu sijui mahali pengine panapoonyesha mambo haya yote kwa uwazi kiasi hicho. Jangwa hili, ambalo sehemu yake kubwa sasa ni kaskazini mwa Chile, limebanwa pande mbili. Upande wa mashariki safu ya Andes huuzuia unyevu wa bonde la Amazon. Mawingu hupanda, hupoa, hunyesha upande ule, na upande huu hubaki katika kivuli cha mvua. Upande wa magharibi mkondo baridi wa Humboldt huipoza hewa ya chini, hivyo hewa hiyo haipandi, na mvua haitokei ingawa bahari iko palepale. Ukungu huja, mvua haiji. Katika mji wa bandari wa Arica wastani wa mvua kwa mwaka haufiki milimita moja.

Mtu angedhani kwamba ardhi kama hiyo haina thamani, na kwa karne nyingi wengi walidhani hivyo. Lakini naitreti, chumvi yenye naitrojeni, huyeyuka kwenye maji, na mahali pasiponyesha ndipo inapoweza kujikusanya ardhini bila kuoshwa. Ukame uliotunyima shamba ukatupa mbolea ya mashamba ya wengine, na malighafi ya baruti pia. Katika karne ya 19 wafanyakazi waliipasua ardhi, wakaponda mawe, wakayachemsha kwenye matangi makubwa na kuyamimina maji yake kwenye vyombo vipana ili chumvi igande. Katika vituo vingi walilipwa kwa vipande maalumu vya chuma vilivyokubalika tu kwenye duka la kampuni yenyewe, kwa hiyo mshahara ulitoka mlango mmoja na kurudi kwa mlango wa pili. Waliposhuka kwenda Iquique kudai malipo bora, mnamo Desemba 1907, jeshi liliwafyatulia risasi katika shule ya Santa María na kuwaua watu wengi. Wakati huohuo kodi ya naitreti ilikuwa ikiijaza hazina ya serikali iliyojenga reli na shule kusini. Utajiri wa eneo na hali ya maisha ya watu wa eneo hilo ni vitu viwili, na watakwimu wanaotaja wastani wa kipato cha mkoa wa machimbo wangefaa kulikumbuka hilo.

Sehemu ya jangwa hilo, pamoja na bandari ya Antofagasta, ilikuwa ya Bolivia. Mgogoro wa kodi ya naitreti ulichochea vita vya 1879 hadi 1883, ambavyo Chile ilishinda dhidi ya Bolivia na Peru, na Bolivia ikapoteza pwani yake yote. Mkataba wa 1904 ulithibitisha upotevu huo, na mwaka 2018 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Chile haina wajibu wa kisheria wa kujadiliana kuirudisha. Vitabu vya jiografia huiorodhesha Bolivia kama nchi isiyo na bahari, kana kwamba ni jambo la maumbile sawa na mwinuko wake. Bado ina jeshi la majini, lenye boti zake katika ziwa Titicaca.

Kisha naitreti nayo ikapotewa na thamani, bila jangwa kubadilika hata kidogo. Nchini Ujerumani mkemia Fritz Haber alifaulu kutengeneza amonia, malighafi ya mbolea, kutokana na naitrojeni ya hewani, na kufikia 1913 kiwanda cha Oppau kilikuwa kikiizalisha kwa wingi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mbolea ya viwandani ilienea, na miji ya naitreti ikaanza kufa mmoja baada ya mwingine. Humberstone, uliokuwa na ukumbi wa maonyesho na bwawa la kuogelea, uliachwa kabisa mwaka 1960. Leo ni eneo la urithi wa dunia ambako watalii hupiga picha za mabati yenye kutu. Jangwa lenyewe halikukaa bila kazi: shaba ilichimbwa Chuquicamata, wanaastronomia wakajenga darubini Paranal na katika uwanda wa Chajnantor wenye mwinuko wa mita 5,000, kwa kuwa hewa kavu haizuii mwanga wa nyota, na sasa maji ya chumvi yenye lithiamu huvutwa kutoka chini ya uwanda wa chumvi wa Salar de Atacama na kuachwa katika mabwawa mapana yakaushwe na jua kwa mwaka mmoja au zaidi. Ng'ambo ya mpaka, Salar de Uyuni ya Bolivia ina hazina kubwa zaidi ya lithiamu, lakini hupata mvua nyingi zaidi na maji yake yana magnesiamu nyingi, kwa hiyo ukaushaji ni wa polepole na usafishaji ni wa gharama. Mvua hiyo, ambayo mkulima angeishukuru, huko ni hasara.

Nimeulizwa mara kwa mara kama basi maumbile yana nguvu kuliko siasa. Kisiwa cha Hispaniola, kilichogawanywa kati ya Haiti na Jamhuri ya Dominika, ndicho jibu langu la kawaida, ingawa kila upande hukitumia kwa faida yake. Pepo za biashara huvuma kutoka mashariki, kwa hiyo upande wa Dominika hupata mvua nyingi zaidi na una mabonde mapana, ilhali Haiti ina miteremko mingi na sehemu zake kadhaa ziko katika kivuli cha mvua. Hiyo ni gharama ya maumbile. Juu yake kuna ya kutengenezwa: watu waliokuwa watumwa wa mashamba ya Kifaransa walijipatia uhuru mwaka 1804, na mwaka 1825 Ufaransa, ikiwa imetuma manowari, iliwatoza faranga milioni 150 kama fidia ya mali, wao wenyewe wakihesabiwa humo. Kiasi hicho kilipunguzwa baadaye, lakini madeni yaliyotokana nacho yalimalizwa kulipwa mwaka 1947. Na bado, karibu na mwaka 1960 kipato cha wastani katika nchi hizo mbili kilikuwa kinakaribiana. Milima haikuhama tangu wakati huo, wala upepo haukubadili mwelekeo, na leo pengo ni la mara kadhaa.

Matetemeko ya mwaka 2010 yalionyesha jambo lilelile kwa ukatili. Mnamo Januari tetemeko la ukubwa wa 7.0 lilipiga Haiti na kuua watu wasiopungua laki moja, na makadirio mengine ni makubwa zaidi. Mnamo Februari tetemeko la 8.8, lililotoa nishati mara mamia kadhaa zaidi, lilipiga Chile na kuua watu takriban 500. Ni haki kusema kwamba lile la Haiti lilitokea karibu sana na mji mkuu na kwa kina kifupi, na lile la Chile lilitokea baharini. Lakini Chile ilikuwa na kanuni za ujenzi zilizokazwa baada ya tetemeko la 1960 la Valdivia, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, na kanuni hizo zilifuatwa. Nondo ndani ya nguzo ni gharama. Kuna aliyeweza kuilipa na kuna asiyeweza.

Botswana mara nyingi hutolewa kama mfano wa rasilimali iliyotumiwa vizuri, na nadhani sifa hiyo inastahili, kwa tahadhari. Ilipata uhuru mwaka 1966 ikiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa, yenye jangwa na isiyo na pwani. Mwaka uliofuata almasi ziligunduliwa Orapa, katika ardhi ya Bangwato, kabila la rais Seretse Khama mwenyewe. Haki za madini zilikuwa zimewekwa mikononi mwa taifa badala ya makabila, na fedha zikaingia katika barabara, shule na zahanati. Tazama lakini kilichofuata: almasi za maabara, ambazo kwa macho hazitofautiki na za ardhini, zimeshusha bei, uchumi ulisinyaa mwaka 2024, na mwaka huohuo chama kilichotawala tangu uhuru kilishindwa katika uchaguzi. Haber alikuwa na warithi.

Tabianchi inapobadilika, gharama hizi zinapangwa upya kwa kasi kuliko zamani, na watu wanaozibeba kwanza ni wale wa nyanda za chini. Bangladesh inanipa matumaini na wasiwasi kwa pamoja. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua laki tatu katika delta yake. Kimbunga Amphan cha Mei 2020 kiliwakuta zaidi ya watu milioni mbili wamekwisha hamishiwa mahali salama, na vifo nchini humo vilihesabika kwa makumi. Kati ya matukio hayo mawili nchi haikuwa tajiri. Ilijenga makazi ya zege yaliyoinuliwa juu ya nguzo, ikafundisha watu wa kujitolea wanaopita kijiji hadi kijiji na vipaza sauti, na ikajenga utaratibu wa tahadhari ambao watu wanauamini.

Uhai umelindwa, ila shamba ni habari nyingine. Tangu miaka ya 1960 mashamba mengi ya pwani yalizungushiwa tuta ili kuzuia maji ya chumvi, na mwanzoni mavuno yaliongezeka. Tuta hilo, hata hivyo, lilizuia pia tope ambalo mito ya Ganges na Brahmaputra hushuka nalo, na tope ndilo lililokuwa likiinua ardhi mwaka hadi mwaka. Ndani ya tuta ardhi ikazama, nje ya tuta mto ukajaa mchanga, na mvua za masika zikakwama mashambani kwa miezi. Mwaka 1990 wakulima wa bonde la Beel Dakatia walilikata tuta wenyewe ili mto uingie na tope lake. Baadaye serikali iliukubali ufundi huo: bonde moja hufunguliwa kwa miaka kadhaa, tope hutuama, ardhi huinuka, kisha zamu huhamia bonde jingine. Mabonde yote ya jirani hufaidika kwa sababu mto husafishika, lakini familia za bonde lililofunguliwa hukaa muda wote huo bila mavuno, na fidia waliyoahidiwa mara nyingi huchelewa au hukwama kwenye nyaraka za umiliki ambazo wakulima wa kukodi hawanazo. Wahandisi wamekwisha kueleza tope litatuama kwa kina gani na kwa muda gani. Mabishano yaliyobaki ni ya orodha ya majina ya watakaolipwa.